Berlin Niliyoiona Kutoka Wodini

Kisesa, Jumapili jioni, mwishoni mwa Mei.

Mvua ilianza tukiwa kanisani na mpaka sasa haijaamua kuacha. Ni mvua ya mwishomwisho wa masika, haina radi wala haraka. Gari limesimama uani linaoshwa bure. Mwili wangu bado haujajua uko wapi. Leo mchana nimesinzia nikiwa nimeshika kikombe cha chai mkononi, Kabula akaja akakichukua taratibu kama anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Nimerudi Alhamisi kutoka Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Kila ninayekutana naye ananiuliza Berlin ikoje. Nawajibu: nzuri, safi, ina baridi. Maneno hayo ningeweza kuyasema bila kutoka Kisesa.

Ukweli ni kwamba Berlin sikuiona sana.

Kwa asiyenijua, naitwa Shija, ni dereva wa watalii. Nawapokea wageni uwanja wa ndege wa Mwanza, nawapeleka Serengeti, nawavusha kwenda Ukerewe au Sengerema, nawarudisha. Miaka yote ya kazi hii nimewatazama wageni wakishangaa kwetu, nikajiwekea moyoni kwamba siku moja na mimi nitakwenda kushangaa kwao. Sikutaka kutafuta kazi wala kusoma. Nilitaka kushangaa tu, halafu nirudi.

Aliyenifungulia njia ni Mama Renate. Ni mkutubi mstaafu, umri umeshapita sabini. Alikuja Mwanza mara ya kwanza peke yake, na begi la mgongoni, akitaka safari ya bei nafuu kuliko zote. Gesti aliyofikia ikakosa maji, nikamleta nyumbani. Akakaa kwetu wiki nzima. Alichambua mchele na mke wangu Kabula, ambaye anauza mchele wa Magu hapa sokoni. Mama yangu akamfundisha salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "mwangaluka", naye akawa anaitoa hata jua linapozama. Baadaye alirudi tena mara mbili. Huko kwake akajifunza Kiswahili kwa simu, na Jumapili alikuwa anatupigia ili akifanyie mazoezi.

"Ukija Berlin unalala kwangu," alisema. Akanitumia mwaliko wa viza. Nauli nilijilipia mwenyewe, akiba ya misimu kadhaa ya wageni.

Madereva wenzangu walishaamua kwamba naenda kuolewa na bibi wa Kizungu. Maneno yakamfikia Kabula sokoni. Alicheka, akasema, "Wakikuoa, waambie wasikulishe kitunguu kibichi usiku. Kwa harufu hiyo watakurudisha." Lakini usiku ule aligeukia ukutani mapema kuliko kawaida, nami nikajua kicheko hakikuwa kizima.

Nilibeba unga wa ulezi na karanga za kusaga, kwa sababu Mama Renate alikuwa anapenda uji wetu kuliko chakula kingine chochote. Nikaunganisha ndege, nikafika.

Anakaa ghorofa ya nne kwenye nyumba ya zamani isiyo na lifti. Ngazi zake ni za mbao, zinalia kila unapokanyaga. Alikuja kunipokea uwanjani mwenyewe, na kwenye ngazi zile alinitangulia. Nilipomsalimia shikamoo mlangoni, aliitikia "marahaba" kwa sauti ya juu, akitumaini majirani wasikie.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa kama nilivyoota. Mama Renate anajua kuutembea mji wake bila kutoa hela. Tulibeba mkate na jibini kwenye mfuko, chupa ya maji, tukakaa kwenye bustani. Alinionyesha majumba kwa nje. Alinipeleka "ziwani", na nilipoliona ziwa lenyewe nikashindwa kujizuia kucheka. Ng'ambo ya pili unamwona mtu anavua viatu.

"Hili ni bwawa la ng'ombe, mama," nikamwambia.

"Usisema hivyo," akajibu, akijifanya amekasirika. "Yeye anasikia."

Siku ya tatu asubuhi nilishuka kununua mikate kwa muuzaji wa chini pale kona. Nilijivunia sana kwenda peke yangu. Nilinyoosha kidole, nikalipa, nikasema asante kwa Kijerumani. Nikapanda ngazi nikipiga mluzi, nikafungua mlango kwa funguo alizonipa.

Nikamwita. Kimya. Nikaita tena, nikasikia sauti ndogo kutoka bafuni.

Alikuwa sakafuni. Mguu mmoja umegeukia nje vibaya, na uso wake umekuwa mweupe hata kwa Mzungu. Nikainama kumshika kwapani nimwinue, kama ambavyo ungemwinua mtu yeyote.

"Usiinua mimi," akasema. "Shija, hapana. Piga simu."

Nikapiga simu ya dharura kwa Kiingereza changu cha porini, kile ninachokitumia kueleza tabia za simba. Yeye mwenyewe, pale chini, ndiye aliyenitajia anwani neno baada ya neno nami nikairudia. Nikamfunika blanketi, nikakaa sakafuni karibu naye, mikate ikiwa bado kwapani kwangu. Nilipomuuliza nimpigie nani, alifumba macho.

"Binti," akasema mwishoni. "Anke. Lakini yeye ana kazi nyingi."

Sikujua hata kama ana binti. Amekula kwetu, amelala kwetu, ameimba na watoto wangu, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Walimshusha ghorofa nne kwa kumfunga kwenye kiti maalumu. Mimi nilifuata nyuma na mkoba wake. Hospitali wakaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema mgeni. Muuguzi akasubiri niongeze neno. Nikampa mkoba.

Nyonga ilikuwa imevunjika, ikabidi afanyiwe upasuaji. Nilikaa kwenye benchi la korido saa nyingi, na hapa nitaandika kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilikuwa nafikiria safari yangu. Nilifikiria miaka ya akiba, na yale majumba ambayo sijayaona kwa ndani. Nikamkasirikia mwanamke mzee kwa sababu ameteleza bafuni kwake.

Nilijiona, na bado sikuweza kuacha kukasirika.

Anke alifika jioni kwa treni kutoka Hamburg. Ni mwanamke wa kama miaka hamsini, nywele fupi, koti zuri, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu zamani, siyo tangu leo. Aliongea na daktari kwanza. Kisha akanigeukia, kwa Kiingereza.

"Wewe ni nani?"

"Shija. Mgeni wa mama yako, kutoka Tanzania."

"Hajaniambia ana mgeni."

Mimi pia sikuwa nimeambiwa kuhusu yeye.

"Funguo za nyumba unazo wewe?"

Nikazitoa mfukoni, nikampa. Akashukuru. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba katika hali hii ingekuwa bora nilale mahali pengine, na kwamba angenisindikiza nichukue vitu vyangu.

Tulipanda ngazi zile pamoja. Alisimama mlangoni mwa chumba nilimolala, mikono kifuani, akaniangalia nikipanga nguo. Hakuniambia nifungue begi. Nilifungua mwenyewe. Nikatoa kila kitu, kimoja kimoja, shati, soksi, Biblia, unga wa ulezi kwenye mfuko wa nailoni, nikavipanga kitandani mbele yake, kisha nikavirudisha taratibu. Nilipoinua macho, uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Sitadanganya hapa: nilitaka aone aibu, na nilipomwona ameiona, nilisikia utamu.

Nikapata hosteli ya wasafiri, ile ya rahisi kuliko zote, chumba cha watu wanane na vitanda vya dabodeka kama bweni la sekondari. Wenzangu wote walikuwa vijana. Mmoja, binti wa Kibrazili, aliniuliza kama nimekuja na watoto wangu. Nikamwambia nimekuja peke yangu kutalii. Akanipongeza kwa sauti ile tunayowapongezea wazee waliojifunza kutuma meseji.

Nikampigia Kabula. Nilimweleza yote, mpaka begi.

"Sasa unafanyaje?" akauliza.

"Siku zimebaki nyingi. Nitembee tu. Nitazame mji, nirudi nyumbani."

"Na mgeni wako?"

"Siyo mgeni wangu, mimi ndiye mgeni. Na binti yake yupo."

"Binti yake yupo, na wewe upo," akasema. "Shija, yule mama amelala humu ndani kwetu. Angeanguka hapa bafuni kwangu, ungemwacha hospitali ukaenda kuangalia majumba?"

"Wananiona mwizi, Kabula."

"Kwani wewe ni mwizi?"

"Siyo."

"Basi mpelekee uji."

Akakata. Huyo ndiye mke wangu. Watu wa sokoni wakiongea yeye hulala na maneno yao moyoni, lakini mtu akiumwa hesabu zote zinasimama.

Asubuhi nikaupika ule uji kwenye jiko la hosteli. Vijana wakaja mmoja mmoja kunusa sufuria. Mbrazili akaonja, akasema unafanana na kitu cha bibi yake. Nikaumimina kwenye chupa ya chai niliyoazima kwa mhudumu wa mapokezi, nikatoka.

Safari ile nusura iniharibikie kwenye treni. Tiketi nilikuwa nayo, nimeinunua kihalali, lakini sikujua kwamba lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kilichoko pale nje. Wakaguzi wakanishusha. Nikalipa faini nikiwa nimekumbatia chupa ya uji. Tangu siku hiyo nilitembea kwa miguu, na kwa kweli miguu ndiyo iliyonionyesha Berlin kidogo niliyoiona: watu wanaendesha baiskeli wamevaa suti, mabomba ya maji yamepita juu barabarani yamepakwa rangi ya waridi, mbwa wanasubiri taa za barabarani kwa utulivu kuliko wenye nao.

Mama Renate alikuwa ameshatoka upasuaji, amelegea kwa dawa, midomo imekauka. Anke alikuwa amekaa kiti cha pembeni, simu mkononi. Aliponiona akasimama, nadhani anitoe. Mama yake akafumbua macho.

"Shija," akasema kwa Kiswahili. "Wewe umekula?"

Anke akaniuliza amesema nini.

"Ameniuliza kama nimekula."

Akaniangalia. Akamwangalia mama yake. Akachukua koti lake, akatoka nje. Nikaweka chupa mezani nikamfuata, kwa sababu nilifikiri nimekosea tena jambo. Alikuwa amesimama dirishani mwa korido.

"Hiyo ni lugha gani?" akauliza bila kugeuka.

"Kiswahili."

"Mimi ananipigia mara moja kwa mwezi. Tunaongea hali ya hewa." Akafuta kioo kwa kiganja. "Nimemjua maisha yangu yote. Leo ndiyo nasikia mama yangu anaongea Kiswahili."

Hasira yangu yote ya begi ikaniishia pale pale. Nilikuwa nimemfikiria kama mtu anayelinda vitu vya mama yake. Kumbe alikuwa mtu aliyechelewa kufika, akakuta kiti kimeshakaliwa.

Nikarudi ndani. Nikamwambia Mama Renate, "Mama, binti yako yupo hapa. Ongea naye."

"Yeye anajua mimi."

"Hakujui. Hata mimi hakunijua. Jina langu hujawahi kumtajia."

Akageuza uso ukutani. Nilimwambia nitapotea siku mbili ili wakae wenyewe. Akasema, "Wewe nenda, tembea. Wewe ni mtalii." Nikamwachia Anke namba yangu, nikaondoka.

Kwa hiyo nikapata zile siku zangu za kutalii. Nilizunguka nikiwa na mkate na nyanya mfukoni. Nililiona lile lango lao kubwa lenye farasi juu, nikampa mtu simu anipige picha. Kwenye bustani moja kubwa nikakutana na sanamu ya yule kiongozi wao wa zamani ambaye Wajerumani waliliita kwa jina lake lile jiwe letu refu lililosimama majini pale mjini Mwanza. Amesimama juu sana, ameshika upanga. Nikapiga picha nikawatumia madereva wenzangu kwenye kundi letu. Mmoja akajibu, "Mwambie jiwe lake lipo, lakini wenye nalo ni ndege." Nikacheka peke yangu kwenye bustani ya watu.

Halafu nikakaa kwenye benchi, na sikujua niende wapi. Kila kitu kilikuwa kizuri. Nilikuwa nakitazama kama anayesubiri gari lake litoke gereji.

Siku ya pili, mchana, simu ikaita.

"Ni Anke. Tafadhali njoo."

Mama yake alikuwa amekataa kuinuka. Mtaalamu wa mazoezi amekuja na kurudi, amekataa. Chakula anagusa tu. Daktari amesema mzee wa umri ule akiendelea kulala hivyo, mapafu na damu vinaweza kumfanyia ubaya kuliko ile nyonga. "Namwambia kila kitu," Anke akasema, na sauti yake ikapasuka. "Hanijibu."

Nilitembea kwa kasi mpaka jasho likanitoka ndani ya koti la kuazima.

Mama Renate alikuwa ameangalia dari. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia kwa mkono. Nikakaa upande mmoja wa kitanda, Anke upande wa pili.

"Mama, wanataka usimame kidogo tu."

"Kwa nini mimi simama?" akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno. "Mimi hapana rudi nyumba yangu. Ngazi ni nyingi. Sasa mimi mzigo tu. Kwa Anke, mzigo." Macho yake yakajaa. "Bora lala hivi. Usisema kwa Anke."

"Amesema nini?" Anke akauliza.

Mama Renate alinikazia macho. Nimekuwa mkalimani wa wageni miaka mingi na najua ile kazi: unapoambiwa usiseme, husemi. Mgeni akilaumu chakula cha mwenyeji, unasema amekipenda. Nimelainisha maneno ya watu wengi, na hakuna aliyeumia.

Lakini hili lilikuwa zito, na sikuwa mimi wa kulibeba kwenda nalo Mwanza.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. Kisha nikamgeukia Anke nikamwambia yote, kama yalivyosemwa: ngazi, nyumba, mzigo, bora alale.

Mama Renate akaniita jina langu kwa hasira. Ndiyo mara pekee amewahi kunikasirikia. Anke aliweka simu yake sakafuni. Halafu akaanza kuongea Kijerumani, chini chini, akiwa ameinama mpaka kichwa chake kiko karibu na mto. Sikuelewa hata neno moja. Nilisikia tu kwamba yule mwanamke wa koti zuri alikuwa anaongea kama mtoto anayeeleza kwa nini amechelewa kurudi kutoka shule.

Nikatoka nje. Nikasimama korido nikijiambia kwamba nimevunja neno la mama wa watu, na kwamba kama nimekosea, nimekosea ugenini ambako hakuna hata mzee wa kunisuluhisha.

Muda ukapita. Mlango ukafunguliwa. Anke alikuwa na macho mekundu.

"Anataka uji wako," akasema. "Na anataka kukaa."

Sikuwa na uji siku hiyo. Nilimwambia nitaleta kesho, lakini kukaa tunaweza leo. Mtaalamu wa mazoezi akaitwa, kijana mwenye mikono kama nguzo za mlango. Akatuelekeza: binti upande huu, mimi upande ule, yeye mbele. Mama Renate akakaa ukingoni mwa kitanda, akapumua. Hakuniangalia.

"Haya mama," nikasema. "Twende tukaone ziwa lako."

Kicheko kikamtoka bila yeye kutaka, na katikati ya kicheko hicho akasimama. Alilia kwa maumivu, akamshika Anke bega mpaka vidole vikazama kwenye nguo. Tulifika mlangoni, tukarudi. Kijana akasema kwa leo inatosha. Mama Renate akiwa amelala tena, jasho usoni, akaninyooshea kidole.

"Wewe mdomo mkubwa sana," akasema.

Nikakubali.

Jioni ile Anke alinirudishia funguo. Alisema nirudi nikalale nyumbani. Tukiwa tumekaa jikoni kwa mama yake alianza kuniomba radhi, "Siku ile nilidhani..." nikamkatiza.

"Najua ulichodhani, dada Anke. Hata kwetu Kisesa walidhani hivyo hivyo. Huko ninaolewa kabisa."

Ikabidi nimweleze. Akacheka mpaka akashika meza. Mara ya mwisho kucheka jikoni mle, alisema, hakumbuki. Nikamsongea ugali, akaula kwa uma, nikamwacha.

Siku zilizobaki zilikwenda hivyo. Asubuhi hospitali na chupa ya uji, mchana kumsaidia Anke. Walikuwa wameelewana: mama atahamia Hamburg, fleti ya chini karibu na kwa binti, isiyo na ngazi hata moja. Vitabu vyake vyote vilishuka kwa mikono yangu. Majirani wakaanza kunisalimia. Yule wa ghorofa ya pili, ambaye hakuwahi kufungua mlango zaidi ya upana wa kiganja, alinipa chupa ya bia, akafunga mlango.

Siku ya kuagana Mama Renate alikuwa amesimama na kigari chake cha kutembelea. Alinisalimia "mwangaluka", na safari hii ilikuwa asubuhi kweli.

"Mwanza mimi hapana kuja tena," akasema.

Mimi ni mtu wa kuaga wageni. Kila wiki nawaambia watu mtarudi, karibuni tena, Mwanza inawasubiri, na maneno hayo yananitoka kama pumzi. Siku ile yalinikwama. Sikumwambia atakuja. Nilimshika mikono yote miwili, nikamwambia mama yangu anamsalimia, na kwamba Kabula atatuma karanga kila msimu. Akasema Anke ajifunze kuupika ule uji. Anke akasema anajaribu, unaganda. Mama yake akaanza kumfundisha kwa Kijerumani, akikoroga hewani kwa mkono mmoja, na mimi nikaondoka wakiwa bado wanabishana.

Hiyo ndiyo Berlin yangu. Picha ninayo ya lango na ya sanamu. Nyingine zote ni za ngazi, sijui kwa nini nilizipiga.

Leo baada ya kanisa jirani mmoja akaniambia, "Kumbe hukuolewa." Nikasema walinikataa kwa sababu ya kitunguu. Kabula alikuwa nyuma yangu, nikamsikia anacheka, na safari hii kicheko kilikuwa kizima.

Sasa hivi amekaa pembeni anachambua mchele wa kesho. Nimemsomea niliyoandika. Hakusema kama ni nzuri au mbaya. Ameuliza tu:

"Na ungeanguka wewe, kule kwenye dabodeka, wangempigia nani?"

"Wewe."

"Wangejuaje?"

Mle chumbani hakuna aliyejua hata jina langu zaidi ya lile la kwanza. Nimeshusha kalamu, maana yeye bado ananiangalia.

Kesho asubuhi napokea wageni wawili uwanja wa ndege, mtu na mkewe, wanakwenda Serengeti. Nitawauliza kama kawaida wanakula nini na wanaogopa nini. Halafu, kabla sijawasha gari, nitawauliza kitu ambacho sijawahi kumuuliza mgeni yeyote: huko nyumbani, ni nani anayetakiwa kujua mko na mimi?

Wakishangaa, washangae. Ndicho walichokuja kufanya.